Sura ya Sita: Diski Kwanza, RAM Baadaye

Mteja akifika kwa fundi na kompyuta mpakato, maneno yake karibu siku zote ni yale yale: "Fundi, mashine imekuwa nzito, nipigie Windows." Na kwa kuwa kupiga Windows ni hela ya haraka, fundi anapiga. Wiki ya kwanza mashine inakwenda vizuri, ya pili inaanza kusuasua, mwezi haujaisha mama wa steshenari karudi nayo kwapani na hasira juu. Windows haikuwa na kosa lolote. Tatizo lilikuwa chini ya mfuniko wa nyuma, ambako hakuna aliyejisumbua kufungua.

Sura hii ni ya kufungua, na nimeiweka Kabwe kwa makusudi. Kabwe iko wilaya ya Nkasi, mkoani Rukwa, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Ukitoka Sumbawanga unapita Namanyere, kisha uwanda wa juu wa Ufipa unaisha na njia inaanza kuteremka kuelekea ziwani. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Uso wa ziwa uko kwenye mita 770 hivi. Kwa hiyo mashine iliyonunuliwa mjini inatoka kwenye baridi kavu, inatikiswa njia nzima, inaingia kwenye joto na unyevu wa mwambao. Mtu wa Kariakoo kompyuta ikimshinda anavuka barabara anaulizia nyingine. Mtu wa Kabwe akihesabu nauli, siku mbili tatu za duka kufungwa na bei ya mashine yenyewe, anaona wazi kwamba bisibisi ni rahisi kuliko safari.

Bahati nzuri, mashine zinazofika huko nyingi zinafunguka. Ni mitumba ya maofisi ya Ulaya, Marekani na Ghuba: HP EliteBook, Dell Latitude, Lenovo ThinkPad. Kampuni kubwa huzitumia miaka mitatu minne, kisha huziuza kwa jumla. Zilitengenezwa zikijulikana kwamba kuna fundi wa ofisi atakayezifungua, ndiyo maana watengenezaji hao watatu huweka vitabu vya ufundi vya mashine zao mtandaoni bure, vyenye picha ya kila skrubu. Pakua kitabu cha mashine yako kabla hujashika bisibisi. Hakili bando kubwa, na kitakuokoa kuliko video kumi za watu wanaoongea haraka.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Ndani ya mashine nyingi za kabla ya mwaka 2016 hivi kuna diski ya sahani. Ni kikasha cha inchi mbili na nusu chenye sahani inayozunguka, kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika, na mkono mwembamba wenye kichwa kinachosoma. Kichwa hicho hakigusi sahani. Kinaelea juu ya hewa kwa umbali unaopimwa kwa nanomita. Kila faili ikihitajika, mkono unahama, kisha unasubiri sahani izunguke mpaka pale panapotakiwa. Kuhama huko kunakula milisekunde kumi au zaidi. Linasikika kama jambo dogo, lakini piga hesabu: mkono huo hauwezi kutafuta vitu zaidi ya mia moja hivi kwa sekunde, na Windows inapoamka inaomba vipande maelfu vilivyotawanyika kila pembe. Ndiyo maana unaiwasha, unakwenda kununua chai, unarudi, bado kile kiduara kinazunguka.

Diski ya chipu, yaani SSD, haina kinachozunguka wala kinachohama. Kutafuta kitu kunachukua sehemu ndogo ya milisekunde, na haijali barabara mbovu. Ukisoma maboksi ya dukani utaona wanajisifia megabaiti 500 kwa sekunde dhidi ya mia moja hivi za diski ya sahani, lakini namba hiyo ni ya kunakili faili moja refu. Faida kubwa iko kwenye vile vipande vidogo vidogo, na huko tofauti si mara tano tena, ni mara mamia.

RAM ni habari nyingine. Hiyo ndiyo nafasi ambamo programu zilizofunguliwa zinakaa wakati wa kazi. Ikijaa, mfumo hausemi "nimejaa". Unachukua vitu visivyotumika sana na kuvihamishia kwenye diski, kisha unavirudisha vikihitajika. Ikiwa diski yenyewe ni ya sahani, hapo ndipo mashine inaganda kabisa: mkono unakimbia huku na huko, taa ya diski haizimi, mshale wa kipanya unaruka kwa vipande. Mteja wa steshenari anayetaka kujaza fomu ya mkopo wa chuo, huku kivinjari kina kurasa kumi na printa inasubiri, ameyaona hayo kwa macho.

Kujua lipi linakusumbua hakuhitaji kubahatisha. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua ukurasa wa utendaji, kisha fanya kazi zako za kila siku ukiangalia. Diski ikigota asilimia 100 huku RAM iko nusu, tatizo ni diski peke yake. RAM ikipita asilimia 85 na diski nayo imegota, yote mawili yanakuhusu. Na kama prosesa ndiyo iko juu muda wote wakati viwili vingine vimetulia, funga sura hii uende kwenye ile ya vumbi na feni.

Msimamo wangu, ambao mafundi wengine wanaubishia, ni huu: hela ikitosha kitu kimoja tu, nunua diski. Mashine ya GB 4 yenye SSD inavumilika. Mashine ya GB 16 yenye diski ya sahani bado inaamka kama mgonjwa. Ukishaweka diski, ndipo upandishe RAM kufika GB 8, kiasi kinachotosha steshenari, shule na ofisi ya kata. GB 16 waachie wanaohariri video na michoro. Halafu kuna mtego mmoja ambao nimeuona ukila hela za watu: mashine imepigwa Windows ya biti 32. Hiyo haioni zaidi ya GB 4, na kwa kweli hutumia tatu na ushei. Unaongeza RAM, haionekani, unamlaumu muuzaji. Angalia aina ya mfumo kwanza.

Sasa, kununua. RAM za mpakato hazibadilishani ovyo. DDR3 ina miguu 204, DDR4 ina 260, DDR5 ina 262, na kila moja ina pengo mahali pake ili isiingie pasipo pake. Kwenye DDR3 kuna pacha wawili wanaofanana kwa umbo: ya kawaida inayotumia volti 1.5, na DDR3L ya volti 1.35. EliteBook 840 G1, ThinkPad X240 na nyingine za miaka ya 2013 na 2014 zinataka hiyo yenye L. Toa RAM iliyomo, soma karatasi yake, nenda dukani nayo mfukoni. Ni salama kuliko kumwambia muuzaji "naomba RAM ya HP".

Kwenye diski kuna maumbo mawili utakayokutana nayo. Ya kwanza ni kile kikasha cha inchi mbili na nusu, kinachokaa palepale ilipokuwa ya sahani. Ya pili ni kibao chembamba kiitwacho M.2, mara nyingi upana milimita 22 na urefu 80. Hapa watu wanapotea, kwa sababu vibao viwili vinavyofanana vinaweza kuongea lugha tofauti: kimoja SATA, kingine NVMe. Kuingia kwenye sloti si ushahidi kwamba kitafanya kazi. EliteBook 840 G3 ya mwaka 2016 ina raha yake, kwani ina nafasi ya kikasha na sloti ya M.2 pamoja, unaweza kuweka mfumo kwenye kibao kipya na kuiacha ile ya sahani kwa ajili ya picha na mafaili ya wateja.

Na jihadhari na SSD ya terabaiti mbili inayouzwa bei ya soda. Ndani huwa kuna chipu ndogo iliyodanganywa ijitangaze kubwa, sawa na zile flashi feki. Inanakili vizuri mpaka ukomo wake wa kweli, kisha inaanza kuandika juu ya ulichokwisha kuandika bila kulalamika. Kuna programu ndogo ya bure iitwayo H2testw inayojaza diski nzima na kuisoma tena. Iendeshe siku uliyonunua, kabla hujapanda gari la Namanyere, maana ukishateremka ziwani risiti haina kazi.

Kuhamisha mfumo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kupiga Windows upya, na vitabu vingi vinaisifia kwa usafi wake. Kwa mtu wa Kabwe naona njia ya pili ndiyo bora: kunakili diski ya zamani nzima nzima kwenda kwenye mpya. Faili la kusimikia Windows ni zaidi ya GB 5, halafu linafuatiwa na masasisho, madereva ya printa, Office na mengine, bando linateketea. Ukinakili, kila kitu kinahama kilivyo. Weka SSD kwenye kesi ya nje yenye waya wa USB, washa mashine kwa flashi yenye Clonezilla, ambayo ni ya bure, na uiache ifanye kazi. Ila Clonezilla kwa kawaida inataka diski mpya iwe sawa na ya zamani au kubwa zaidi. Ukitoka GB 500 kwenda GB 256, itakugomea mpaka upunguze kwanza ukubwa wa kizigeu cha zamani. Kwa kadiri bajeti inavyoruhusu, nunua ukubwa ule ule upumzike.

Fanya hivyo betri ikiwa imejaa. Kwa miaka mingi umeme wa Rukwa ulikuwa ukinunuliwa Zambia kwa kuwa mkoa ulikuwa nje ya gridi ya Taifa, na wenyeji wanajua maana ya taa kuzimika bila taarifa. Kunakili kukikatika katikati hakuharibu diski ya zamani, lakini mpya itakuwa na nusu ya mfumo usiowaka. Kabla ya yote, tazama kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows lenyewe. Kama imefungwa na huna ule ufunguo wa tarakimu 48, simamisha BitLocker kwanza ukiwa ndani ya Windows.

Baada ya hapo, meza. Chagua pasipo mchanga na pasipo upepo wa ziwani. Zima mashine kabisa, si kuilaza, chomoa chaji. ThinkPad T480 na ndugu zake zina betri mbili, moja ya nje na moja iliyojificha ndani. Ile ya ndani unaizima kwa kuingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine yenyewe kabla Windows haijaamka, na kuchagua kuilemaza, kabla hujafungua chochote. Kwa nyingine, kazi ya kwanza baada ya mfuniko kutoka ni kuchomoa kiunganishi cha betri kwenye mazabodi. Usiguse kingine chochote hapo kabla. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi kumaliza masalia ya umeme.

Umeme tuli nao hauna mzaha, na huu ndio wasiwasi wa Sumbawanga kuliko wa Kabwe. Mwezi Juni na Julai, baridi ikiwa kavu kule juu, unavua sweta na unasikia linatatarika. Mwanadamu huanza kuhisi cheche ya namna hiyo inapofika volti 3,000 hivi, na chipu inaweza kuumia kwa kiasi kidogo mno kuliko hicho, bila wewe kuhisi lolote. Vua sweta kabla ya kuanza, weka mashine kwenye mbao badala ya blanketi, na shika bomba la maji la chuma kabla ya kushika RAM. Kabwe, kwa unyevu wake, cheche ni chache. Adui wa huko ni jasho la vidole.

Skrubu sasa. Nyingi ni za nyota ndogo, na bisibisi isiyoenea itakula kichwa cha skrubu mpaka usiweze kuitoa tena. Sukuma kwa nguvu, zungusha taratibu. Usizichanganye: ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa mazabodi au kutokeza upande wa kibodi. Chora umbo la mfuniko kwenye karatasi, kila skrubu uiweke mahali pake kwenye mchoro.

Watu wa mwambao ule hawana haja ya kusadikishwa juu ya kuweka alama. Mwaka 1913 kiwanda cha Meyer cha Papenburg, Ujerumani, kiliunda meli, kikaifungua vipande, kikavipakia kwenye makasha yapatayo 5,000, na vyote vikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma. Hapo ikaungwa upya, na mwaka 1915 ikateremshwa majini kwa jina la Graf von Götzen. Fikiria kasha moja tu lisilo na alama. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaizamisha wenyewe isitekwe, lakini mafundi wakatangulia kuzipaka mashine zake grisi nene. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, grisi ikiwa imefanya kazi yake, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina ambalo kila mtu wa Kabwe, Kirando na Kipili analijua: Liemba. Miaka ya 1970 ikatolewa mitambo ya mvuke, ikawekwa ya dizeli. Bodi ni ile ile, tumbo jipya; na hilo hasa ndilo tunalofanya hapa mezani, kwa vipande vichache zaidi.

Skrubu zikitoka, mfuniko bado utang'ang'ania kwa vishikizo vya plastiki. Usitumie bisibisi, itaacha makovu na kuvunja. Kadi ya benki iliyokwisha muda inafaa sana. Ichomeke karibu na bawaba za skrini, itembeze pembeni, na usikilize: tik, tik, tik, kila kishikizo kinachoachia. Kukiwa na kimya na ugumu mahali pamoja, kuna skrubu umeisahau, pengine chini ya mpira wa mguu.

Ndani utakutana na vumbi la Ufipa lenye rangi yake ya udongo, limeshonana kwenye feni. Liondoe kwa brashi laini huku umezuia feni kwa kidole isizunguke. Diski ya sahani imeshikwa na fremu ya chuma. Toa skrubu zake, na unapochomoa waya wake mpana mwembamba, shika kichwa cha plastiki, si waya. Hamishia fremu hiyo kwenye SSD, rudisha palepale. Kama ni M.2, inaingia kwa mlalo kidogo, unaibonyeza, unaifunga kwa skrubu moja ndogo ambayo, nakuonya, hupenda kuruka na kupotelea sakafuni.

RAM imeshikwa na vibano viwili vya chuma pembeni. Vitanue kwa kucha za vidole gumba na kipande kitainuka chenyewe kwa mlalo. Kipya kinaingia kwa mlalo ule ule, pengo likikabiliana na ulimi wa sloti. Kisukume mpaka miguu ya dhahabu karibu isionekane, ndipo ukilaze chini mpaka vibano vilie. Makosa mengi yako hapa: mtu anakilaza kabla hakijaingia vizuri, vibano vinakubali, mashine haiwaki. Ukiweka viwili vinavyolingana, prosesa itavisoma sambamba, jambo linalosaidia pia picha kwenye skrini.

Rudisha betri, funga mfuniko kwa skrubu mbili tatu kwanza, washa. Skrini inaweza kubaki nyeusi hadi dakika nzima. Mashine inaipima RAM mpya, usiizime kwa hofu. Ikikataa kabisa, toa RAM, sugua miguu yake kwa kifutio cha penseli, pangusa, rudisha. Ikiwaka, ingia BIOS uone kiasi cha RAM na jina la diski, ndipo ufunge skrubu zilizobaki.

Zipo mashine ambazo sura hii haiwezi kuzisaidia. MacBook Air na ThinkPad X1 Carbon zimeunganishiwa RAM zao juu ya mazabodi kwa risasi tangu kiwandani. Ulichonunua ndicho utakachokufa nacho. Nyingine, kama ThinkPad T440s, zina nusu imeunganishwa na sloti moja ya kuongezea. Mnunuzi mwenye akili anauliza hilo kabla ya kuuliza skrini ni inchi ngapi. Na aulize pia kizazi cha prosesa, kwa maana Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda mbele. EliteBook 840 G3 ni ya kizazi cha sita. Bado ni mashine nzuri, ila baada ya SSD na GB 8 za RAM ningeiwekea Linux Mint, nimfundishe mwenye steshenari LibreOffice mchana mmoja, na virusi vya flashi za wateja vitapungua sana.

Inabaki diski ya zamani juu ya meza. Usiiuze hivi hivi. Diski ya steshenari ina nakala za vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa, matokeo ya kidato cha nne na barua za watu wa kata nzima, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kuzitunza taarifa hizo si hisani tena. Mwaka 2009 kituo cha PBS cha Marekani kilirusha kipindi cha wanafunzi wa uandishi wa habari walionunua diski kuukuu sokoni nchini Ghana, na ndani ya moja wakakuta mikataba ya Northrop Grumman, kampuni ya silaha. Kama kampuni ya silaha inaweza kuteleza hivyo, sembuse duka la fotokopi. Kufomati kwa haraka kunafuta orodha tu, mafaili yanabaki. Andika sifuri diski nzima kwa programu ya kufutia, na uiache usiku kucha. Kama ina sekta mbovu na haifutiki, ivunje. Lakini sahani nyingi za diski za mpakato ni za kioo, kwa hiyo ifunge kwenye kitambaa kizito na uvae miwani kabla ya kuinua nyundo. Vile vipande viwili vya sumaku utakavyovikuta ndani usivitupe. Vina nguvu ajabu, na kimoja kikigandishwa chini ya kisahani cha chuma kitazishika skrubu za mteja anayefuata.